Kingston Mwezi Juni: Mlima, Upepo na Maji ya Bwawa

Kingston, mji mkuu wa Jamaika, uko nyuzi 18 kaskazini ya ikweta, katika tambarare ya Liguanea inayoteremka taratibu kutoka vilimani hadi bandarini. Anayeuliza hali ya hewa ya huko mwezi Juni kwa kawaida huambiwa kwamba kuna joto. Ni kweli, ila jibu hilo halimfikishi mbali, kwani joto la Kingston halibadiliki sana mwaka mzima. Mchana wa Juni hufikia nyuzi 32 za Selsiasi hivi, usiku ni nadra kushuka chini ya 24, na hata Januari tofauti yake ni nyuzi mbili tatu tu. Kinachogeuka kati ya Mei na Julai ni upepo na mvua. Kwa wakazi wa mji huu, suala zito la majira hayo ni maji.

Jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Mei na tena mwanzoni mwa Agosti. Kati ya tarehe hizo, jua la adhuhuri husimama upande wa kaskazini kidogo, na mchana hurefuka kupita saa 13. Bahari nayo huwa imeshapata joto la nyuzi 28 hivi, hivyo hewa hujaa mvuke na jasho halikauki. Ni majira ya maembe, na pia ya mikrismasi kuchanua maua mekundu. Mti huo asili yake ni Madagaska, na kule Karibi hufuata kiangazi cha kaskazini, wakati Dar es Salaam huchanua kuelekea Desemba. Wanafunzi wa sekondari nao huwa katika mitihani ya Baraza la Mitihani la Karibi, wakiandika huku feni zikizunguka.

Siku ya Juni ina utaratibu wake. Alfajiri hewa hutulia, upepo mwepesi ukishuka kutoka milimani kuelekea baharini, na vilele huonekana wazi. Kufikia saa nne asubuhi nchi kavu imepata joto, hewa yake inapanda, na upepo wa baharini unaingia kuziba pengo. Kingston ina bahati ya pekee hapa. Pepo za mashariki zinazovuma Karibi karibu mwaka mzima huelekea upande uleule wa upepo huo wa baharini, kwa hiyo nguvu hizo mbili hujumlika. Mchana upepo mara nyingi hupita kilomita 30 kwa saa, ukipuliza mchanga kwenye Palisadoes, ule ulimi mwembamba wa nchi unaobeba uwanja wa ndege wa Norman Manley na kuishia Port Royal. Tangu zama za ukoloni upepo huu huitwa Daktari, na ule wa usiku unaotoka bara huitwa Mzishi. Aliyewahi kukaa Kingston siku ambayo Daktari hakuja hahitaji kuelezwa sababu ya jina hilo.

Zama hizohizo, waliokuwa na uwezo walikimbilia milimani. Mwaka 1841 jeshi la Uingereza lilianzisha kambi ya Newcastle, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ili kuwaepusha askari na homa ya manjano iliyokuwa ikiwamaliza mjini. Wakati huo haikujulikana kwamba mbu ndiye mwenezaji, lakini ubaridi wa mlimani ulifanya kazi yake.

Milima hiyohiyo ndiyo inayoupa mji ukame wake. Blue Mountains, ambayo kilele chake kina mita 2,256, imesimama kaskazini-mashariki ya Kingston, katika njia ya pepo zinazoleta mvuke. Hewa hulazimika kupanda, hupoa, na hushusha mvua upande wa pili. Port Antonio, mji ulio chini ya kilomita 50 kwa mstari wa moja kwa moja, hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Kingston, iliyo kisogoni mwa milima, hupata 800 hivi. Kwa hiyo mara nyingi mchana wa Juni mtu wa mjini huona mawingu meusi yamejazana vilimani huku barabara yake ikiwa kavu kabisa. Mvua ikimwagika huko juu, maji huteremka kwa kasi kwenye mikondo ya saruji kama Sandy Gully, na mkondo mkavu unaweza kugeuka mto kwa muda mfupi sana.

Mvua za Jamaika huja kwa vipindi viwili, jambo ambalo msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atalielewa haraka. Cha kwanza huwa Mei na mwanzo wa Juni, cha pili Septemba hadi Novemba, nacho ndicho kikubwa. Katikati, hasa Julai, mvua hupungua. Kanda kubwa ya mgandamizo wa juu iliyo Atlantiki ya kaskazini hutanuka kuelekea magharibi, pepo za mashariki hupata nguvu, na mkondo wa upepo wa tabaka la chini juu ya Karibi hufikia kilele chake. Hewa kwa ujumla hushuka badala ya kupanda, na mawingu hayapati nafasi ya kukua.

Afrika ina mkono wake katika ukavu huo. Kuanzia Juni, hewa kavu yenye vumbi la Sahara huvuka Atlantiki kwa muda wa wiki moja hivi, ikisafiri juu ya hewa yenye unyevu wa bahari. Huzuia mawingu, hufifisha anga likawa jeupe, na huwasumbua wenye pumu. Mwanasayansi Joseph Prospero alianza kulipima vumbi hilo Barbados mwaka 1965, na vipimo vya kisiwa hicho ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote za aina yake. Wingu la Juni 2020 lilikuwa zito kiasi cha kuifunika sehemu kubwa ya Karibi kwa siku kadhaa.

Bara hilohilo hutuma pia mvua. Mawimbi ya kitropiki, yaani mikunjo ya mgandamizo mdogo ndani ya pepo za mashariki, huchipuka Afrika, mengine karibu na nyanda za juu za Ethiopia na Sudani, kisha husafiri magharibi, moja likifuata jingine kila baada ya siku tatu au nne. Mengi huifikia Jamaika kama ngurumo za alasiri tu. Machache hukua yakawa vimbunga.

Msimu wa vimbunga huanza rasmi Juni 1, na kwa kawaida Juni huwa kimya: pepo za tabaka za juu na za chini huvuma pande tofauti, na vumbi hukausha hewa. Lakini utulivu huo si dhamana. Mwaka 2024, bahari ikiwa na joto la kadiri ya Septemba, kimbunga Beryl kilifikia daraja la tano mwanzoni mwa Julai, mapema kuliko kingine chochote kilichowahi kurekodiwa Atlantiki. Julai 3 kilipita karibu na pwani ya kusini ya Jamaika. Madhara makubwa zaidi yaliangukia wilaya za kusini kama St. Elizabeth na Clarendon, zinazolisha sehemu kubwa ya nchi mboga na matunda.

Baada ya mvua za Mei, macho huelekea mabwawa mawili. Hermitage limejengwa kwenye mto Wag Water, na limepoteza sehemu ya ujazo wake kwa udongo uliotuama. Mona, linalobeba zaidi ya lita bilioni 3, hujazwa na mto Hope na bomba linalotoka mto Yallahs upande wa mashariki. Mvua ya Mei ikinyesha kwenye vyanzo hivyo, mji huvuka Julai bila shida kubwa. Ikikosekana, mgawo wa maji huanza kabla shule hazijafungwa, madumu hupangwa uani, na matangi juu ya mapaa huwa ndiyo akiba ya familia hadi pepo zilegee mwishoni mwa Agosti na mawingu yaanze tena kujijenga juu ya vilima.