Nani kaifundisha mashine?

Kimya kingi, nilikuwa nyumbani Nkome. Jioni moja pale mwaloni niliwakuta wazee wanacheza bao. Kijana mmoja akatoa simu yake, akasema, "Babu, siku hizi mashine inamfunga mtu yeyote." Mzee hata macho hakuinua. "Nani kaifundisha, mjukuu wangu?" akauliza, huku anasambaza kete.

Swali lile likanikumbusha Hydra.

Mwaka 1997 Deep Blue, kompyuta ya IBM, ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Ilikuwa na chipu 480 zilizotengenezwa kwa mchezo huo tu. Tatizo, chipu ya aina ile ikishatoka kiwandani huibadilishi tena. Miaka michache baadaye Chrilly Donninger wa Austria akapita njia nyingine. Alitumia chipu za FPGA, ambazo hutoka kiwandani kama shamba lisilopandwa. Wewe ndiye unayepanga njia zake za ndani, na ukiona kosa unapanga upya. Kompyuta ya kawaida ilianza hesabu ya mchezo, FPGA ikamalizia hatua za mwisho kwa kasi kubwa.

Fedha zilitoka kampuni ya PAL ya Abu Dhabi. Juni 2005, jijini London, Hydra ilipambana mara 6 na Mwingereza Michael Adams, mmoja wa wachezaji bora duniani. Ikashinda mara 5, ikatoka sare mara 1.

Ningeishia hapo, yule kijana angekuwa kashinda. Lakini mwaka huohuo PAL ilidhamini mashindano kwenye intaneti, ambako mtu aliruhusiwa kusaidiwa na kompyuta. Hydra ilitolewa mapema. Ubingwa ukaenda kwa Wamarekani wawili, wachezaji wa ridhaa tu, wenye kompyuta za kawaida. Walijua kuzihoji na kulinganisha majibu yake.

Mradi wa Hydra ulifungwa mwaka 2009. Leo Stockfish, programu ya bure inayoingia kwenye simu, inacheza vizuri kuliko zimwi lile.

Sisi watu wa Geita tumezoea kuona mitambo mikubwa ya dhahabu, tukadhani ukubwa ndio akili. Kiwanda cha chipu hatuna, sawa. Lakini chipu tupu inanunuliwa, na programu ni ya bure. Cha kupanda ndani yake ni maarifa, na maarifa ya bao wanayo wazee wa pale mwaloni. Nani kati yetu atakaa nao chini kabla hawajaondoka?

Haya, tutafakari. Alamsiki.