Diplomasia ya Ruto Ikipimwa Nchi ya Chai
Diplomasia ya mwanzo ya Rais William Ruto wa Kenya, aliyeapishwa Septemba 2022, ilianza kwa kuyumba, kwani utambuzi wa Kenya kwa Sahara Magharibi kama taifa ulifutwa mtandaoni kisha wizara ya mambo ya nje ikauthibitisha upya siku chache baadaye. Hata hivyo, katika Sigowet na vilima vya Kericho kipimo kizito zaidi cha diplomasia hiyo ni ardhi ya Wakipsigis iliyotwaliwa na wakoloni Waingereza na kupandwa chai, pamoja na Watalai, yaani ukoo wa viongozi wa kiroho, waliohamishiwa Gwassi kwa nguvu miaka ya 1930. Mfalme Charles wa Uingereza alipozuru Kenya Oktoba 2023 alieleza majuto makubwa kwa ukatili wa kikoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Kwa waliopokonywa ardhi, hayo hayatoshi kamwe.