Tarehe ya Mama Wauguzi wa Masasi na Newala

Mwaka 1906, moto wa Majimaji ukiwa bado haujazimika sawasawa katika nchi za kusini, alipanda Newala mtaalamu mmoja wa Kijerumani kutoka Leipzig, jina lake Karl Weule, aliyekuja kuchunguza mila za wenyeji. Na katika habari alizosimuliwa akazinakili, imo hadithi ya asili ya Wamakonde. Yasemwa kwamba zamani kiumbe kimoja, ambacho hakijawa mtu kamili, kilikaa peke yake katika vichaka vya Mahuta, kikachonga sanamu ya mti na kuisimamisha, na kulipokucha sanamu ile ilikuwa mwanamke. Wakashuka wote wawili wakaishi kando ya Ruvuma, na mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde la Mbemkuru, akajifungua tena mtoto mfu. Ndipo waliporejea juu Mahuta, na mtoto wa tatu akazaliwa hai. Kwa sababu hiyo mama yule aliwausia wazao wake wakae mbali na mabonde ya maji makubwa, kwani huko ndiko yaliko maradhi na mauti.

Nchi ambayo asili yake husimuliwa kwa habari ya mama aliyezika wawili kabla ya kumnyonyesha wa tatu, na ambayo ukoo wa mtu, awe Mmakonde, Myao au Mmakua, huhesabiwa kwa upande wa mama, ilistahili tarehe yake ya dini nayo isimuliwe kwa njia hiyo hiyo. Haikuwa hivyo. Tulichonacho ni tarehe ya maaskofu: Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu ya Waanglikana, aliyeondoka Unguja mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akapita Lindi na kuwakalisha Masasi, Chauncy Maples aliyefuata mwaka 1877, mashambulio ya Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Magwangwara, mwaka 1882, yaliyoharibu kijiji kile na kumfanya Maples ahamishie kazi Newala katika himaya ya Matola, kisha Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926. Mambo hayo ni ya kweli, na walioyaandika waliyaandika kwa ikhlasi. Lakini mimi nashikilia kwamba imani haikukaa katika nchi ile kwa sababu ya mimbari peke yake, bali kwa sababu ya mikono ya wanawake waliowauguza watu na kuwapokea watoto wao, nao majina yao hayakuingia katika vitabu hivyo.

Damu ya wanawake imo katika tarehe hii tangu mapema. Mwezi wa Agosti mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, Felicitas Hiltner na Cordula Ebert, waliokuwa njiani kwenda bara. Na baadaye mwezi huo huo, misheni ya Nyangao iliposhambuliwa, Sista Walburga Diepolder alipoteza maisha yake katika kukimbia. Lukuledi nayo ikachomwa, na Masasi vilevile, wamisionari wake wakikimbilia Lindi. Mwaka uliofuata Wabenediktini walianza upya mahali pengine, Ndanda, chini ya ukingo wa nyanda za juu ambapo chemchemi hazikauki. Haikupita miaka mingi, vita vikuu vikafika: mwaka 1917 majeshi yalipigana Mahiwa kwa siku nne mfululizo, na jemadari wa Wajerumani, von Lettow, akavuka Ruvuma mwezi wa Novemba, akiacha nyuma yake wapagazi wasio na idadi, maghala matupu na njaa. Ni katika nchi iliyopigwa namna hiyo ndipo uuguzi ulipoanza kuwa kazi yenye mafunzo na vyeti.

Ndanda alikuja Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa aliyekuwa pia daktari, na mwanamke daktari lilikuwa jambo geni hata huko kwao Ujerumani. Akaisimamia hospitali kwa miaka mingi, na jina lake hutajwa hadi leo na wazee wa upande ule. Lulindi, kusini ya mji wa Masasi, alifika mwaka 1935 daktari mpasuaji kutoka London, Leader Stirling, ambaye baadaye angekuwa raia wa nchi hii na Waziri wa Afya. Akakaa pale miaka kumi na minne, akipasua wagonjwa katika nyumba za udongo na nyasi, na kuwafundisha vijana wa kike na wa kiume kazi ya kuuguza. Daktari mmoja hawezi kuangalia wodi usiku na mchana, wala hawezi kwenda kila kijiji. Aliyeketi na mgonjwa usiku alikuwa binti wa Kimakua au wa Kiyao, aliyesoma shule ya misheni, akapewa sare nyeupe, kandili na daftari la kuandika joto la mwili.

Maradhi waliyokutana nayo yalikuwa ya kutisha na kuchukiza. Kulikuwa na buba, iliyowala watoto nyuso na kuwapinda miguu. Kulikuwa na donda ndugu lisilofunga, safura iliyomfanya mtu mzima ashindwe kubeba jembe, na ukoma uliomtoa mtu katika jamii akiwa hai. Sindano za buba ndizo zilizoifungua mioyo ya watu: mtoto aliyeletwa mgongoni akiwa amejaa vidonda, baada ya wiki chache alionekana akicheza, na habari ile ilikwenda kijiji hadi kijiji upesi kuliko mahubiri yoyote. Ukoma haukukubali kwa urahisi hivyo. Kabla ya vidonge vya dapsoni kupatikana, dawa ilikuwa mafuta ya chaulmugra yanayochomwa kwa sindano yenye maumivu makali, tena kwa miezi na miaka, na aghalabu bila ya kupona. Na muuguzi ilimlazimu kuosha majeraha yale yale kila asubuhi, akijua ya kwamba kesho atayaosha tena. Kazi ya namna hiyo haifanywi kwa ajili ya mshahara, na mshahara wa misheni ulikuwa mdogo kuliko wa Serikali. Ilifanywa kwa sababu waliamini kwamba aliyelala kitandani ni Kristo mwenyewe, naye huoshwa kwa taadhima.

Yampasa msomaji asiyejua Newala afahamu jambo la maji. Mji umekaa ukingoni, na kwenye ile sehemu iitwayo Shimo la Mungu mtu huona bonde la Ruvuma chini kabisa, na ng'ambo yake Msumbiji. Lakini juu, mchanga hunywa mvua yote, hakuna mto wala kijito. Wanawake walishuka gengeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani, mwendo wa saa nyingi, hata mradi wa maji wa Makonde ulipoanza katika miaka ya 1950 na kusukuma maji kwa mitambo kutoka chini. Sasa fikiri uuguzi wa siku zile ulikuwa nini: sindano za kioo zilichemshwa, bandeji zilifuliwa, mzazi alinawishwa, mtoto aliogeshwa, sakafu yenye damu ilisuguliwa. Kila tendo moja la kazi hii lataka maji, na kila ndoo ilikuwa imepanda genge juu ya kichwa cha mwanamke. Muuguzi wa Newala alijifunza usafi katika shule iliyo ngumu kuliko ya nesi yeyote wa Ulaya, naye hakumwaga tone pasipo sababu.

Na maji hayo hayo yalikuwa na kazi nyingine. Kwa kanuni ya Kanisa, Waanglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu na Wakatoliki hali kadhalika, mtoto wa Wakristo anapokuwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Mtu yeyote huyo, usiku wa manane, katika nyanda ambazo padre mmoja alikuwa na vijiji vingi na miguu miwili tu, alikuwa mkunga. Yeye aliyemvuta mtoto kutoka tumboni, akampuliza pumzi, akamsugua mgongo, alipoona rangi inageuka alichota maji kidogo kiganjani na kumpa jina. Nimewaza mara nyingi juu ya mwanamke huyo, ambaye hakuruhusiwa kusimama madhabahuni wala kuvaa joho, akitenda sakramenti kwa mkono ule ule uliokata kitovu. Na naona hakuna padre katika dayosisi nzima aliyeitenda kwa moyo uliovunjika zaidi.

Ugumu mwingine haukutoka kwa maradhi. Uzazi ulikuwa na wenyewe. Makungwi na wakunga wa jadi ndio waliowafunda wasichana unyagoni, ndio waliojua siri za mwili, na si jambo dogo kwa binti wa miaka ishirini, aliyefundwa na bibi yule yule, kuingia nyumbani na mkasi uliochemshwa na kumwambia bibi asogee. Waliofanya hivyo kwa kiburi walifungiwa milango. Waliofaulu ni wale waliopiga magoti, wakaamkia, wakaomba idhini, wakamwacha bibi akae kichwani pa mzazi ashike mabega yake na kutamka maneno yake ya kumtia moyo, wakati wao wanashughulika na mengine. Askofu Lucas amesifiwa na kulaumiwa sana katika vitabu kwa kulitia jando katika mavazi ya Kikristo. Lakini upatanisho uliofanywa na wauguzi katika vyumba vya uzazi, bila ya waraka wala baraza, haujapata mwandishi.

Wengi wao waliolewa na walimu, makatekista na mapadre wa Kianglikana, wakawa mama wa watoto wao wenyewe. Hapa ndipo ninapotaka kukawia, kwa kuwa mtawa aliyeacha yote hupewa heshima yake, na ni haki. Na mwaka 1946 Masasi palianzishwa Chama cha Mariamu Mtakatifu kwa ajili ya mabinti wa nchi hii waliotaka maisha hayo, nacho kinaendelea. Lakini mama muuguzi hakuacha chochote. Alibeba vyote pamoja. Aliamka kabla ya kengele ya Misa, akawasha moto, akawaachia watoto uji, akaenda kanisani, akaingia wodini. Adhuhuri alirudi kumnyonyesha mdogo, na jioni alikuwa shambani kwenye mihogo na mikorosho, kwa maana watoto hawasomi kwa mshahara wa nesi peke yake. Hodi ikibishwa usiku, mume alishika kandili na kumsindikiza. Watoto wa nyumba kama hiyo walikua wakijua kwamba mama yao ni wa watu wengi, na wengine waliona uchungu kwa hilo, nalo lazima lisemwe katika tarehe ya kweli. Sala ya familia ilisaliwa hata hivyo, na kama mama hakuwapo aliombewa kwa jina, pamoja na mgonjwa aliyekuwa akimwangalia.

Tena wengi wa waliougua hawakuwa Wakristo. Newala na Tandahimba ni nchi ya Waislamu wengi, na katika mwezi wa Ramadhani muuguzi alijua ni yupi wa kushauriwa kula kwa ajili ya afya yake na ni yupi wa kupewa dawa baada ya magharibi. Alijua jinsi ya kumsitiri mwanamke, na maiti ya Mwislamu aliikabidhi kwa jamaa zake bila ya kuchelewesha. Sidhani kama walihesabu jambo hilo kuwa fadhila. Jirani ni jirani.

Askofu Trevor Huddleston, aliyekuja Masasi mwaka 1960 baada ya mapambano yake dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, aliikuta kazi hii imekwisha kuwa ya wenyeji. Uhuru ulikuja mwaka uliofuata, na tangu mwaka 1964 vita vya Msumbiji vikawaleta wakimbizi kuvuka Ruvuma, wenye majeraha na watoto migongoni, wengi wao Wamakonde na Wamakua wenye koo zile zile za ng'ambo hii. Baada ya hapo Serikali ilipanua zahanati na kliniki za wajawazito, na Mkomaindo, hospitali ya Masasi iliyotokana na misheni, ikawa ya wilaya. Mengi yalibadilika ambayo sina haja ya kuyahesabu hapa.

Daftari la ubatizo la parokia lina nafasi ya kuandikia jina la aliyebatiza, na kanuni yataka padre aarifiwe kila mtoto anapobatizwa na mkunga, ili iandikwe. Atakayetaka kuitimiza tarehe hii aanze hapo, katika safu ile ambayo watafiti huiruka, akanakili kila jina la mwanamke na mwaka wake. Kisha awaendee wale waliobatizwa hivyo wakaishi, ambao baadhi yao sasa ni wazee wa Lulindi, Newala na Mahuta, awaulize ni mama gani aliyewapokea, alikuwa wa ukoo gani, na amezikwa wapi.