Leseni ya udereva, pombe na kipimo cha pumzi Texas: siku 15 za kwanza

Mtu akikamatwa Texas kwa kuendesha gari akiwa amelewa, kisha akakataa kupimwa au kipimo kikaonyesha amezidisha, polisi huichukua leseni yake na kumpa karatasi yenye alama DIC-25. Akitoka jela kesho yake anarudi nayo nyumbani ikiwa imekunjwa mfukoni. Tafadhali mama, usiiweke kwenye droo pamoja na barua za benki. Karatasi hiyo ndiyo leseni yake ya muda, na hiyo hiyo ndiyo notisi kwamba leseni itasimamishwa. Tangu siku aliyoipokea ana siku 15 tu za kupinga. Zikipita, nafasi imekwenda.

Tunaandika kwa familia zinazosema Kiswahili hapa Texas, kuanzia Houston na Dallas hadi Abilene na Amarillo, kwa sababu mara nyingi nyumba nzima ina dereva mmoja. Leseni yake ikizuiwa, watoto hawafiki kliniki na yeye hafiki kazini. Majimbo mengine yana sheria kama hizi, lakini siku na adhabu zake ni tofauti, kwa hiyo ndugu yako wa Ohio au Kentucky asitumie hesabu za hapa. Na haya ni maelezo ya muuguzi, wakili mna haja naye bado.

Ni kesi mbili, si moja

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kesi ya kwanza ni ya jinai, iko mahakamani, na ndiyo yenye jela na faini. Kosa lake linaitwa DWI. Kwa mara ya kwanza mtu anaweza kufungwa hadi siku 180 na kutozwa faini hadi dola 2,000. Akipatikana na hatia, jimbo linaongeza faini yake nyingine: dola 3,000 kwa kosa la kwanza, na dola 6,000 kama kipimo kilikuwa 0.15 au zaidi.

Kesi ya pili ni ya leseni peke yake. Inaendeshwa na Idara ya Usalama wa Umma, ile DPS inayotoa leseni, na haingoji mahakama iamue lolote. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa hajahukumiwa kitu na tayari haruhusiwi kuendesha. Hata kesi ya jinai ikifutwa, leseni inaweza kubaki imesimamishwa. Ila mahakama ikimwachilia kwa kumwona hana hatia, kusimamishwa huko nako huondolewa.

Kama hana fedha, mahakama inaweza kumpa wakili wa bure kwa kesi ya jinai. Kwa kesi ya leseni hapewi. Familia nyingi husubiri wakili wa mahakama aje afanye yote, na wakati wanasubiri zile siku 15 zinakwisha.

Kipimo kinapima nini

Pombe ikiingia kwenye damu hupita pia kwenye mapafu, na kila pumzi hutoka nayo kidogo. Mashine husoma kiasi hicho na kukadiria kilichomo ndani ya damu. Kikomo Texas ni 0.08, yaani gramu 0.08 za pombe katika mililita 100 za damu. Anayeendesha lori au basi la biashara kikomo chake ni 0.04. Kijana wa chini ya miaka 21 hana kikomo: kiasi chochote kikigundulika ni kosa.

Watu husema, "Mimi sikufika 0.08, hawawezi kunifanya kitu." Si kweli. Sheria ya Texas inasema mtu amelewa pia pale akili au mwili wake unapopoteza uwezo wa kawaida kwa sababu ya pombe, dawa, au mchanganyiko wa hivyo. Dawa ya usingizi na bia moja vinatosha kumfikisha hapo. Soma chupa za dawa zenu; zilizo na onyo la kusinzia haziendi na usukani.

Kuna hali mbili za kiafya ambazo ni lazima polisi aambiwe. Mwenye kisukari ambaye sukari imeshuka hutoka jasho, hutetemeka, huongea maneno yasiyoeleweka na kuyumba kama mlevi. Huyo anahitaji sukari na gari la wagonjwa, tena haraka. Kama kuna mtu wa namna hiyo kwenu, avae bangili ya kitabibu au abebe kadi ya Kiingereza pamoja na leseni. Hali ya pili ni pumu au ugonjwa mwingine wa mapafu: anaweza kushindwa kupuliza kwa nguvu inayotakiwa. Aseme wazi kwamba hakatai, bali hawezi, na aombe apimwe damu.

Akikataa kupuliza

Sheria inahesabu kwamba kila anayeendesha kwenye barabara za Texas amekwisha kukubali kupimwa pumzi au damu akikamatwa kwa kosa hili. Ni kama sharti lililomo ndani ya leseni. Baada ya kumkamata, polisi humsomea onyo na kumpa nakala yake, karatasi ya DIC-24, ndipo anaulizwa kama anakubali.

Akikubali na kipimo kikafika 0.08, leseni husimamishwa siku 90. Akikataa, husimamishwa siku 180. Kama alikwisha kupata tatizo la namna hii ndani ya miaka 10 iliyopita, kuzidisha kipimo huwa mwaka 1, na kukataa huwa miaka 2. Kijana wa chini ya miaka 21 kwa mara ya kwanza hupata siku 60 akipatikana na pombe na siku 180 akikataa. Kwa mwenye leseni ya biashara ni balaa zaidi: kukataa au kuzidisha, hata akiwa kwenye gari lake mwenyewe siku ya mapumziko, humwondolea haki ya kuendesha lori kwa mwaka 1, na mara ya pili ni maisha.

Kwenye vijiwe wanaume huambiana, "Kataa tu, hawatakuwa na ushahidi." Ushauri huo una mashimo mawili. Kukataa kwenyewe kunaweza kutajwa mahakamani dhidi yake. Halafu polisi anaweza kumwomba hakimu kibali cha kutoa damu, hata usiku wa manane, na siku za sikukuu miji mingi huweka mahakimu tayari kwa kazi hiyo. Mtu anaweza kuishia kupoteza leseni kwa siku 180 na damu yake ikapimwa vilevile. Uamuzi wa kukubali au kukataa ni wake, na wakili ndiye wa kumshauri. Ninachotaka ni kwamba asiufanye kwa maneno ya kijiweni.

Lugha nayo ina hatari yake. Sisi tumelelewa kumheshimu mkubwa, na mbele ya askari mtu huitikia "yes, yes" hata asipoelewa neno. Mwingine hunyamaza kabisa. Kunyamaza au kupuliza kidogo kidogo makusudi kunaweza kuandikwa kuwa amekataa. Wafundishe watu wa nyumbani kwako sentensi hii: "I speak Swahili. I need an interpreter." Waiseme kwa upole na mikono ikionekana.

Mtoto akiwemo ndani ya gari

Hili ningependa kila mama alijue kabla ya harusi au ubatizo unaofuata. Texas, ukiendesha umelewa na ndani yuko mtoto wa chini ya miaka 15, kosa linapanda papo hapo kuwa la jinai kubwa, hata kama ni mara yako ya kwanza na hakuna aliyeumia. Adhabu ni kifungo kuanzia siku 180 hadi miaka 2 na faini hadi dola 10,000. Idara ya ulinzi wa watoto inaweza kuingia nyumbani kwenu kuuliza maswali. Kwa asiye raia, hatia ya namna hii inaweza kugusa makaratasi yake ya kukaa nchini.

Kwa hiyo baba akisema "twende, niko sawa" na wewe unaona hayuko sawa, una haki ya kutopanda na kutopakia watoto. Si kumdharau mumeo mbele za watu. Mwombe shemeji au mtu wa kanisani awapeleke, au laleni huko huko. Aibu ya kulala kwenye kochi la watu huisha asubuhi.

Cha kufanya ndani ya siku 15

Andika tarehe aliyopewa DIC-25 juu ya kalenda ya jikoni, hesabu siku 15 za kawaida pamoja na Jumamosi na Jumapili, na uizungushie mduara. Kabla ya siku hiyo ombi la kusikilizwa lazima liwe limefika DPS. Linaweza kutumwa na wakili au na yeye mwenyewe, hata kwa mtandao. Weka uthibitisho wa kutuma: karatasi, au picha ya skrini. Mwombe mtu anayesoma Kiingereza vizuri akusaidie, lakini asiwe mtoto wako wa miaka 12; mzigo huo si wake.

Ombi likifika kwa wakati, leseni haisimamishwi mpaka jaji wa shauri hilo aamue. Lisipotumwa, kusimamishwa kunaanza siku ya 40 baada ya notisi, bila kuulizwa tena.

Kama si raia, asikubali kosa lolote mahakamani kabla hajaongea na mtu anayejua sheria za uhamiaji. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010, wakili wa kesi ya jinai anawajibika kumwambia mteja wake kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Aulize swali hilo waziwazi, na jibu atafsiriwe.

Leseni ikisimamishwa, nyumba inaendaje

Asiendeshe. Najua kiwanda cha nyama hakina basi la usiku na zamu haingoji mtu, lakini kuendesha na leseni iliyosimamishwa ni kosa jingine la kumrudisha jela. Anaweza kuomba mahakamani leseni ya mahitaji ya lazima, inayoruhusu kwenda kazini, shuleni na kwenye shughuli za lazima za nyumbani. Hutolewa kwa saa maalumu, kwa kawaida 4 kwa siku, na hakimu anaweza kuziongeza hadi 12. Atatakiwa kuwa na cheti cha bima kiitwacho SR-22, na bima itapanda. Mwenye leseni ya biashara hawezi kuitumia kuendesha lori. Muda wa adhabu ukiisha, leseni hairudi yenyewe: kuna ada ya dola 125 ya kuirudisha.

Watoto wenye Medicaid wana haki ya usafiri wa bure kwenda kwa daktari, daktari wa meno na famasia. Namba iko nyuma ya kadi ya mpango wao. Piga mapema, siku mbili au zaidi kabla ya miadi.

Asubuhi baada ya sherehe

Kwa Marekani kinywaji kimoja ni chupa ya bia ya mililita 355 yenye asilimia 5, au mvinyo mililita 150, au pombe kali mililita 44. Kasiksi na lotoko za nyumbani hazina kipimo hicho. Glasi moja ya lotoko inaweza kuwa vinywaji vitatu. Mwanamke akinywa sawa na mwanamume, pombe kwenye damu yake hupanda juu zaidi. Anayenyonyesha, kama amekunywa kinywaji kimoja, asubiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha.

Ini huondoa pombe polepole, takriban 0.015 kwa saa. Kahawa, maji baridi na ugali hazilisukumi. Fanya hesabu: mtu ameacha kunywa saa sita usiku akiwa na 0.15. Saa kumi alfajiri, anapowasha gari kwenda zamu, bado ana kama 0.09. Atakuwa safi saa nne asubuhi. Amelala, ameoga, amepiga mswaki, na bado yuko juu ya kikomo.

Kama anakunywa kila siku

Wengine wamepita vitani na kambini, na chupa ndiyo dawa ya usingizi waliyoipata. Akikamatwa, familia humwambia aache leo leo. Kwa mtu anayekunywa sana kila siku, kuacha ghafla ni hatari: ndani ya siku mbili tatu anaweza kutetemeka, kutapika, kuona vitu visivyopo, au kupata degedege. Akionyesha dalili hizo piga 911. La sivyo, mpeleke kliniki aachishwe kwa dawa na uangalizi. Namba ya taifa ya msaada wa ulevi, 1-800-662-4357, ni ya bure saa 24 na haiulizi makaratasi ya uhamiaji. Anayejibu anaongea Kiingereza au Kihispania, kwa hiyo mpige mkiwa na mtu wa kutafsiri.