Gemu yako ya kwanza: historia kidogo kabla hujapakua programu

Vijana wa Malindi na Kilifi wanaotaka kutengeneza gemu huanza na swali lile lile: nitumie programu gani? Jibu langu linatokana na historia.

Mwaka 1999 Mark Overmars, profesa wa Utrecht, Uholanzi, alitoa Game Maker. Unaburuta vitendo kwa kipanya na kitu kinatembea. Ukikomaa, unaandika msimbo. Faili lake lilikuwa dogo, na kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa. Hadi mwaka 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. (Na setilaiti tunazijua siku nyingi: ile ya Uhuru ilirushwa mwaka 1970 kutoka mitambo ya San Marco, hapo baharini karibu na Malindi.)

Mwaka 2007 MIT ilitoa Scratch, ya kupachika vipande, ambayo ina Kiswahili pia. Mwaka huo huo Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, na injini ya gemu akaiandika mwenyewe. Heshima kwake, lakini wewe usianzie huko!

Sasa mambo ya wenyewe. Game Maker ilienda kwa YoYo Games, kisha Opera mwaka 2021. Unity nao mwaka 2023 walitangaza ada kwa kila gemu inayosakinishwa. Watengenezaji wakachachamaa, ikafutwa mwaka 2024. Ujuzi wa miaka, halafu unaamka masharti yamegeuka.

Ndiyo maana nasema: Scratch kwanza, kisha Godot. Msimbo wake uko wazi tangu 2014, hakuna wa kukunyang'anya nakala yako, na programu nzima haifiki megabaiti 200. Mwenzako wa Watamu akiwa nayo, inakuja kwa flashi.

Zoezi la kwanza? Bao la kujifunza. Mashimo 32, kete mbili kila shimo: kwa kompyuta ni orodha ya nambari 32 tu. Bao la namua na mambo ya nyumba liache kwanza. Andika kitanzi cha kusambaza kete, halafu jumlisha baada ya kila zamu. Kwenye bao kete zilizoliwa hurudi mchezoni, kwa hiyo jumla ni 64 daima. Ukipata 63, kosa liko kwenye kitanzi.