Zebda: siagi iliyowakwama wakubwa kooni

Anayejua Kiarabu atalitambua jina mara moja: zebda ni siagi. Siagi kwa Kifaransa ni beurre, na beur ni jina la mitaani la watoto waliozaliwa Ufaransa na wazazi kutoka Aljeria, Moroko na Tunisia. Matamshi ni yale yale. Vijana wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa, wakaugeuza mzaha huo kuwa jina la bendi ya roki.

Mwaka 1985 ilikuwa bendi ya kuigiza tu, ndani ya filamu ya video iliyotengenezwa mtaani. Baadaye mchezo ukawa kweli. Waimbaji ni Magyd Cherfi na ndugu wawili, Mouss na Hakim Amokrane, wote wenye asili ya Kabylie, Aljeria.

Muziki wao ni mchanganyiko hasa. Gitaa kali linatokana na punk ya The Clash, Waingereza ambao nao walikuwa wamejichotea rege ya Jamaika. Humo mna ska, rap, kodiani ya Kifaransa na sauti za Aljeria.

Lakini kilichowapa jina ni ulimi. Juni 1991, mjini Orléans, Jacques Chirac, wakati huo meya wa Paris, alilalamika hadharani kuhusu jirani mhamiaji mwenye wake kadhaa na watoto wengi wanaoishi kwa posho ya serikali, kisha akaongeza kelele na harufu. Zebda hawakumtukana. Mwaka 1995, mwaka ule ule Chirac alipoingia ikulu, walitoa albamu Le bruit et l'odeur, yaani kelele na harufu, na katika wimbo wenye jina hilo wakaitia sauti yake mwenyewe, huku wakiwakumbusha Wafaransa ni mikono ya nani iliyowajengea barabara. Jibu gani kali kuliko hilo?

Ajabu ni kwamba wimbo uliowatajirisha ni Tomber la chemise, wa kuvua shati na kucheza, uliotamba kiangazi cha 1999. Albamu hiyo hiyo ina wimbo kuhusu vijana wanaofukuzwa mlangoni mwa kumbi za starehe kwa sababu ya sura zao.

Mwaka 2001 wanabendi waliunga mkono orodha ya wagombea wa baraza la mji wa Toulouse, ikapata zaidi ya asilimia 12. Bendi ilipumzika 2003, ikarudi na albamu Second tour mwaka 2012. Katikati ya hapo, 2007, Mouss na Hakim walirekodi upya nyimbo za wahamiaji wa Kialjeria, zikiwemo za Slimane Azem, zilizokuwa zikiimbwa katika mikahawa ya Ufaransa zama za wazazi wao.