Mkate wa Waliouza Siagi

Katika vitabu vya mapishi ya Ireland, mkate wa magadi husifiwa kama urithi wa mababu. Kwa umri, urithi huo ni mchanga. Mwaka 1750 hakuna mama wa Kiairishi aliyeweza kuuoka, maana magadi ya unga ya jikoni hayakuwapo. Yalikuja na viwanda vya kemia vilivyochipuka baada ya Mfaransa Nicolas Leblanc kupata hataza, mwaka 1791, ya kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Maelekezo ya mkate wenyewe yalitokea katika gazeti la Newry, kaskazini mwa kisiwa, mwaka 1836. Hata wazo la kuumua unga bila hamira halikuanzia huko: mwaka 1796 Amelia Simmons wa Marekani alikwisha kuchapisha mapishi yanayotumia chumvi iliyosafishwa kutoka kwenye majivu ya kuni. Basi wanaosema desturi hii imebuniwa juzi tu wana hoja. Kosa lao ni kukodolea macho magadi. Cha kale katika mkate huo ni mtindi, na mtindi una habari ndefu kuliko unga.

Kabla ya viazi, Waairishi walikuwa watu wa ng'ombe. Vyakula vya maziwa waliviita bánbhia, yaani chakula cheupe, na ndivyo vilivyobeba mlo wa miezi ya joto. Maandiko ya sheria zao za kale yalipanga hata uji wa watoto waliopelekwa kulelewa kwa watu: mtoto wa mnyonge alipata uji wa maji au mtindi pamoja na siagi ya chumvi, wa mkuu, uji wa maziwa freshi na siagi mpya, wa mfalme akaongezewa asali. Aislinge Meic Con Glinne, hadithi ya dhihaka ya karne ya 12, ina njozi ya mashua ya mafuta ya nguruwe ikielea kwenye ziwa la maziwa. Ni ndoto ya mtu mwenye njaa, lakini angalia anachokiota. Mambo yaligeuka siagi ilipopata soko. Miaka ya 1660 Bunge la Uingereza liliwafungia mlango ng'ombe wa Ireland, na biashara ikahamia kwenye nyama ya chumvi na siagi. Kuanzia mwaka 1770, katika soko la mji wa Cork, siagi ya wakulima wa jimbo la Munster ilikaguliwa na kupangwa madaraja, kisha ikapakiwa ndani ya mapipa madogo ya mbao na kusafirishwa hadi visiwa vya Karibi. Kilichobaki nyumbani baada ya kusukasuka maziwa kilikuwa mtindi. Siagi ililipa kodi ya ardhi, na waliomkamua ng'ombe wakanywa mabaki yake.

Na viazi je? Msomaji ana haki ya kuuliza, kwa kuwa jina la Ireland na viazi havitengani. Tena vibarua wengi hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Lakini hata wao mtindi waliupata, aghalabu kwa mkulima mwenye mifugo, na ndio uliokamilisha sahani yao. Arthur Young, Mwingereza aliyezunguka kisiwa hicho miaka ya 1776 hadi 1779, aliikuta familia imechutama kuzunguka chombo cha viazi sakafuni, ombaomba kakaribishwa na nguruwe naye anajichukulia fungu lake. Mlo wenyewe ulikuwa viazi na maziwa. Kibarua mzima aliweza kula kilo tano au zaidi kwa siku, na mtindi ukampa kalsiamu na protini ambazo viazi vinazo kidogo. Ugonjwa wa viazi ulipozuka mwaka 1845, watu wapatao milioni moja walikufa katika miaka iliyofuata na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Serikali ilileta mahindi ya manjano kutoka Marekani, magumu mno kwa vinu vya Ireland, yakasagwa ovyo na kuwaumiza matumbo watu wasioyajua. Baada ya balaa hilo ndipo mkate wa magadi ulipoenea: vibarua walikuwa wamepungua, na unga ukazidi kupatikana.

Ukiutazama ukiandaliwa unaona kwa nini ulikaa. Ngano ya nchi ile ya mvua ni laini, haivutiki vizuri kwa hamira. Mpishi huchanganya unga, chumvi na magadi, akamimina mtindi katikati, akazungusha vidole vilivyotanuliwa mara chache tu. Hakandi. Asidi ya mtindi ikishaguswa na magadi hewa huanza kutoka papo hapo, na mwenye kuchelewa atatoa jiwe. Donge hukatwa msalaba juu; wengine husema ni kuwatoa vibwengo, ingawa mkato huo pia hupitisha joto hadi kiini. Huingizwa katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu, kisha mfuniko hupaliwa makaa ya mboji iliyokaushwa. Anayejua kuoka mkate kwa moto wa juu na chini hahitaji kufundishwa hapo. Ukiiva hugongwa chini. Ukilia kama ngoma tupu, huviringishwa kitambaani.

Pingamizi la mwisho huja kutoka Marekani, ambako wajukuu wa wahamiaji hutia zabibu kavu, sukari, mayai na siagi ndani ya unga. Wakereketwa wa Ireland huwacheka, wakisema hiyo ni keki. Kwa mapishi ya kila siku wako sahihi, ingawa nyumbani kwao pia zabibu zilitiwa siku ya raha. Lakini nadhani kicheko hicho kinasahau daftari la hesabu. Mayai nayo yaliuzwa, na fedha yake ndiyo iliyonunua chai na sukari. Ng'ambo ya Atlantiki hapakuwa na pipa la kujaza kwa ajili ya soko la Cork, na siagi ikaingia kwenye bakuli.